Tochi ya Zamu ya Dolkar

Huku kwetu Zanskar, milimani Himalaya, baridi ikishika, ukuta wa duka la Angmo ndio jiko la kijiji kizima. Jua la mchana huupiga mpaka wazee wa benchi wanavua kofia. Siku hiyo walikuwepo wenyewe wawili: Inspekta, aliyewahi kubebea jeshi mizigo kule kwenye barafu akarudi anajua kila kitu, na Redio, ambaye hajawahi kuzimwa. Katikati yao birika la chai ya siagi na chumvi. Mbele yao Yangzes kasimama na tochi mbili za kichwani, roho mkononi. Jioni ile binti yake Dolkar alikuwa anashika zamu yake ya kwanza ya kulinda mbuzi wa kijiji kwenye zizi la juu, mwendo wa saa nzima, na mbwa mwitu walishaingia humo mara mbili.

— Nipeni neno moja tu, alisema. Hii yenye mwanga mkali, au hii ya betri za kiunoni? Mtoto ananisubiri nyumbani.

— Ya kiunoni, alisema Inspekta. Baridi ya kule inakula betri. Hizi unazificha ndani ya joho, zinalala na joto la mwili.

— Na waya je? Redio akadakia. Mbwa mwitu si atamvuta kwa waya?

— Mbwa mwitu anajua waya, we Redio?

— Wa siku hizi wanajua. Chukua kali, dada. Ukimmulika machoni anapofuka wiki nzima.

— Halafu? Si ataingia zizini kwa kupapasa?

Yangzes hakucheka.

— Wazee wangu, jua linaondoka.

— Tulia, mama, chai bado ipo, alisema Inspekta. Kuna na suala la rangi. Ukiwasha nyeupe, mbuzi wanadhani kumekucha, wanatoka wenyewe.

— Na chui wa theluji, Redio akaongeza, anadhani mwezi umeanguka. Anakuja kuukalia.

— Kuukalia kwa nini?

— Kuutamia.

Walibishana hapo mpaka birika likapoa. Yangzes alihamisha macho toka tochi hii kwenda ile. Kila moja sasa ilikuwa na namna yake ya kumuua mwanawe.

Ndipo Rigzin, aliyekuwa na zamu ya jana, akateremka toka zizini, barafu kwenye ndevu. Akajimiminia chai iliyobaki.

— Dolkar kawahi, alisema. Nimemkabidhi fimbo kabla kivuli hakijagusa zizi, kama inavyotakiwa. Lakini mbona kaja bila tochi?

Redio akatikisa birika, tupu. Jua lilishaondoka benchini, wala hakuna aliyeliona likienda.

Yangzes akaiacha tochi moja pale benchini, hata hakuangalia ni ipi, akajifunga shali na kushika njia ya juu. Kabla hajafika kona ya tatu, ilibidi awashe aliyobaki nayo.