Maneno Matano ya Alcee Guillory

Zimeni simu, wanangu, nawe Odette Marie usogeze kiti huku upande wa sikio langu zuri, kwa maana sauti niliyobakiwa nayo ni ya kupimwa kwa kijiko na sitairudia. Mama yenu yuko jikoni na bamia zake. Mwacheni. Haya anayajua, ameyasikia miaka mingi kupitia ukutani.

Mimi ni Alcee Joseph Guillory, mwana wa Ozeme Guillory na Eula Batiste, nimezaliwa hapa hapa Opelousas, katika chumba hiki, na nina miaka hamsini na mitano. Nayataja majina kwa ukamilifu, wala si kwa maringo. Majina ndiyo yanayonitoroka kwanza, na kila ninalolitaja kamili ni kondoo mmoja niliyemrudisha zizini. Asubuhi hii Odette amenipa maneno matano, kama wafanyavyo madaktari: ndoo, pamba, kengele, farasi, chumvi. Nikimaliza kusema ataniuliza, na mtu asinisaidie. Nina sababu yangu, na sababu hiyo ndiyo wosia wenyewe. Mengine ni habari za vitu.

Basi tuanze na vitu, tuviondoe njiani. Nyumba ni ya Verlene Chevalier Guillory, mama yenu, mpaka Mungu amwite. Shamba la viazi vitamu la bibi yenu Eula, lile la nyuma ya kanisa, ni la Odette, kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa akilitembelea bila kuitwa. Lori langu ni lako, Quentin. Na ule mlango wa jikoni nilioupiga ngumi siku ya Krismasi, nikiwa sijui ninamgombeza nani, utengenezeni. Mama yenu ameutundikia kalenda ili nisilione tundu, na mimi nimejifanya silioni ili asijue kwamba najua. Ndivyo tulivyoishi humu ndani tangu ugonjwa huu uingie, kila mmoja akimfichia mwenzake tundu.

Kuna pete. Hiyo nitaifikia.

Nilicheza mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi, kwa kulipwa misimu kumi na miwili, mlinzi wa katikati. Kazi yangu ilikuwa kumsoma mpiga pasi wa upande wa pili, kuwaonyesha wenzangu kumi mahali pa kusimama, kisha kwenda kukutana ana kwa ana na mtu anayekuja mbio amekumbatia mpira, nimwangushe chini. Magazeti yalihesabu niliowaangusha, ikawa sifa. Lakini kila niliyemwangusha nilianguka naye, na kuanguka kwangu hakuna aliyekuhesabu. Nilipenda kazi ile. Sitawadanganya leo. Mtu akiniuliza kama ningeirudia, ulimi unataka kusema la, na miguu hii isiyosimama inasema ndiyo. Ndiyo maana sina matumaini makubwa na maneno haya, Quentin, kwa kuwa najua yanakwenda kushindana na kitu gani.

Msimu wangu wa sita madaktari walituletea jaribio. Wewe unalijua, ila dada yako hajui, nalo lazima liandikwe. Mwezi wa saba, kabla ya kambi, kichwa kikiwa kizima, unakaa mbele ya kompyuta unakumbuka maneno, unapanga maumbo, unabonyeza kitufe taa ikiwaka. Alama zako zinawekwa. Ukigongwa katikati ya msimu unarudishwa pale pale, wanalinganisha. Ukiwa umeshuka, hukanyagi uwanja.

Basi sisi tukafanya nini? Mtu ambaye hajawahi kuishi na wachezaji hawezi kukisia. Tulilifeli makusudi tukiwa wazima. Unaambiwa ukumbuke maneno matano, unataja mawili. Taa inawaka, unahesabu moja, mbili, ndipo unabonyeza. Ukiandikwa mjinga mwezi wa saba, mwezi wa kumi na mbili ukigongwa ukawa mjinga kweli, mashine inasema hujambo, nenda kacheze. Wendell Isaac Mouton alikuwa akikaa kompyuta ya pembeni yangu, ananong'ona, "Alcee, kaka, punguza akili, unatuaibisha." Nami namjibu, "Wewe huna haja ya kupunguza, mama yako alishakupunguzia." Tunacheka mpaka daktari Howard Pruitt anatugeukia.

Wendell alikuwa mlinzi wa nyuma yangu kabisa, mtu wa mwisho kabla ya goli. Mtoto wa mji wa Lafayette, mwembamba, mcha Mungu, mwenye matusi matamu. Nikigongwa nikatolewa pembeni, daktari Pruitt akaja na maswali yake, tuko mji gani, wiki iliyopita tulicheza na nani, matokeo ni ngapi, Wendell alikuwa anasimama nyuma ya bega la daktari na kunipa majibu kwa vidole. Tuliyapanga kambini kama watu wapangavyo ishara za kuvizia. Akishika pua, ni mji fulani; akijikuna shingo, mwingine. Miaka mitatu alinijibia hivyo, nami nikimwona ndiye rafiki wa kweli, kwa kuwa akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki yangu kubwa wakati huo ilikuwa kukalishwa benchi.

Januari ya mwaka tisini na tisa, mechi moja kabla ya fainali, theluji inaanguka, niligongana na mkimbiaji wao na sijui kilichofuata. Niliyonayo nilihadithiwa. Niliinuka nikaenda kusimama katikati ya duara la maadui, nikainama nao kusikiliza wanapanga nini. Wakacheka. Mmoja akaniambia, "Babu, kwenu ni kule." Wendell akaja akanishika mkanda akanirudisha kama mbuzi. Pembeni akashika pua, akajikuna shingo, nikajibu yote sawasawa. Jaribio nikalipita. Bila shaka nililipita. Mashine ilishaambiwa mimi ni mjinga.

Jumatano iliyofuata Wendell alikuja nyumbani kwetu kula. Viatu vyangu vilikuwa ndani ya friji. Odette, ulikuwa na miaka mitatu na miezi, ukaja ukapanda gotini kwangu, nami nikamuuliza Verlene, "Huyu mtoto ni wa nani, mzuri hivi?" Mama yenu akadhani ninatania. Wendell hakucheka. Alishusha uma, akamaliza maji yake, akaaga.

Asubuhi alikwenda kwa daktari Pruitt akasema, "Alcee Guillory hamjui binti yake. Na lile jaribio la mwezi wa saba aliliharibu makusudi. Nilikuwa pembeni yake. Mimi pia niliharibu langu." Alijitaja mwenyewe, mnasikia? Hakuna aliyemuuliza juu yake.

Nilitolewa kwenye fainali. Nikaitazama nimekaa hotelini, pazia limefungwa kwa kuwa mwanga uliniumiza. Timu ilishinda bila mimi, na pete ya ubingwa wakanipa, kwa kuwa hupewa wachezaji wote. Wendell akaachwa msimu ule ule. Kocha Dale Krebs alisema amepungua mbio. Hakuwa amepungua mbio. Na wenzake walimfanyia nini katika miezi ile ya mwisho? Mimi ndiye niliyeanza. Siku ya kukabidhiwa pete alikuja mezani kwetu na sahani yake, nami nikainua kiti changu nikahamia meza nyingine, nao wakanifuata mmoja mmoja, akabaki na meza ya watu wanane peke yake, akala mpaka akamaliza. Alikuwa mtu wa kumaliza chakula.

Mimi nikapona, au nikasema nimepona, nikacheza misimu mingine minne katika timu nyingine, nikigongwa na kujibu mwenyewe. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilipokuwa mdogo bibi yenu Eula alikuwa akimwambia kila mtu neno la namna hiyo, nami nikidhani ni habari ya vidonda.

Sikusema na Wendell Isaac Mouton tena. Miaka kumi na sita. Alipokufa, mkewe Clotilde Mouton alinipigia simu mwenyewe, akasema, "Alcee, alikuwa akikuulizia." Nikamwambia nitakuja. Niliendesha mpaka Lafayette, nikaegesha ng'ambo ya kanisa, nikazima gari, nikashusha kioo. Nikasikiliza nyimbo zote. Walipotoka na jeneza niliinamisha kichwa chini ya usukani kama mwizi, ili wasinione. Kisha nikarudi nikamwambia mama yenu mahubiri yalikuwa mazuri. Verlene, kama unasikia huko jikoni, sikuingia.

Pete mpelekeeni Clotilde. Mpe wewe Odette, mkononi, wala usiitume kwa posta. Mwambie Alcee Guillory amesema ni ya Wendell, kwa kuwa katika timu ile yote ni mtu mmoja tu aliyelinda.

Maji... hapana, usinipe maji, yatapita njia isiyo yake. Nipe kile kitambaa, nilowanishe midomo. Basi.

Sasa wewe, Quentin Alcide.

Samaki mkunje angali mbichi, na mimi nilikukunja, lakini nilikukunja vibaya. Ulikuwa na miaka kumi na minne, nikakuketisha kwenye meza ya jikoni nikakufundisha kulifeli jaribio, kama baba wengine wafundishavyo wanao kunyoa ndevu. Tulicheka sana siku ile. Wiki mbili zilizopita ulikuja na fulana yako mpya ya timu, ukakaa pale, ukasema, "Mzee, nimeliharibu kama ulivyonifunza. Mashine inadhani nimelewa." Nami nikacheka. Kicheko kilitoka kabla akili haijafika. Mama yenu aliangusha mwiko. Nilipoacha kucheka nikakuambia rudi ukalifanye upya, na ulichonijibu nakikumbuka, kwa kuwa yapo machache yanayokaa: "Baba, wenzangu walichaguliwa, wakaingia kwa mlango; mimi sikuchaguliwa, nimeingia kwa dirisha. Nikisema nilidanganya, wananirudisha kwa dirisha hilo hilo."

Ni kweli. Watakurudisha. Sina la kukudanganya hapo. Wendell alisema kweli na ikamgharimu kazi yake, na mimi niliyenyamaza nikabaki nacheza. Ukinitaka nikuonyeshe mahali ukweli ulipomlipa mtu katika mpira huu, sina pa kukuonyesha. Ninacho kitanda hiki tu, na mrija huu wa tumboni ninaolishwa nao tangu Pasaka.

Jumatatu ukifika kambini, kabla hujavaa, nenda kwa daktari wako useme, "Alama zile si zangu. Nipeni nyingine." Maneno sita. Nakuamuru. Nimeona macho yako yakienda saa ya ukutani, ndege yako ni jioni, najua. Najua pia hutakwenda kwa daktari. Mimi nisingekwenda. Nakuamuru ili siku utakapomuuliza mama yako mtoto huyu mzuri ni wa nani, pasiwe na mtu wa kusema hukuambiwa.

Odette, karatasi ya madaktari wa chuo iko kwenye Biblia, nimeweka sahihi mwezi wa pili, mkono ulipokuwa bado unaandika. Wachukue ubongo wangu. Nizikwe bila huo, pembeni ya Eula, na padre asiseme habari za uwanjani. Miezi mingi baadaye barua ya walichokikuta humo itakuja. Msiifungue hapa. Ipelekeni alipo Quentin, hata kama ni katikati ya msimu, hata kama ni siku ya mechi, msomeeni kwa sauti mstari kwa mstari. Akiziba masikio, someni.

Sauti inakwisha. Njooni... karibu zaidi. Weka mkono hapa, Odette. Na wako.

Mungu wa Ozeme na Eula awatunze. Awape uzee, ule hasa, wa kusahau kidogo kidogo kama watu wengine. Mama yenu asikae peke yake siku za Jumapili. Pendaneni. Yule atakayemsemea mwenzake kweli ikamuuma... msimhame mezani. Baraka yangu ndiyo hiyo. Sina kubwa zaidi.

Sasa niulize, binti yangu. Niulize, nimesema niulizwe.

Ndoo.

Chumvi. Ndoo na chumvi.

Kulikuwa na... subiri. Kilikuwa kitu cheupe. Au mnyama.

Quentin. Nakuona. Nakuona mkono wako, nyuma ya bega la dada yako, unautikisa kama mtu apigaye kengele. Ushushe, mwanangu. Ndivyo alivyosimama Wendell. Hapo hapo, nyuma ya bega. Ushushe.

Usilie. Ushushe tu.

Ni mawili, Odette. Andika mawili. Hili ndilo jaribio la kwanza... nililofanya bila kuiba.

Andika mawili.