Mama Orodha na Jalada la Baba Yake

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye dirisha la mirathi la mahakama yetu, karani mwandamizi tunayemwita Mama Orodha atakabidhi funguo za kabati na kustaafu. Amepokea majalada zaidi ya elfu tisa. Kiti chake amekibadilisha mara moja tu, tena baada ya kumwangusha.

Alianza akiwa mchapaji wa dirisha hilohilo. Wakati huo wafiwa wengi walidhani mirathi ni kugongewa mhuri na kwenda kugawana. Yeye aliwaeleza bila kuchoka: kwanza cheti cha kifo, kisha kikao cha familia na muhtasari wake, jina la msimamizi wa mirathi, orodha ya warithi wote, halafu tangazo ubaoni ili mwenye pingamizi ajitokeze. Msimamizi akishateuliwa, aorodheshe mali, alipe madeni ya marehemu, agawe, kisha arudi kufunga jalada. Makaka wakubwa wengi walitoka hapa wamenywea, baada ya kuelezwa kuwa msimamizi si mmiliki.

Jina la utani alilipata kazini. Kabla ya kupokea jalada, huwaita ndugu mmoja mmoja kwenye benchi la pembeni, kila mmoja awataje watoto wa marehemu, kuanzia wa kwanza hadi kitindamimba. Orodha zikitofautiana, jalada linarudi nyumbani. Familia moja ilirudishwa mara nne, mpaka shangazi yao alipokumbuka ghafla kwamba marehemu aliwahi kuwa na mke mwingine.

Jambo ambalo halikusemwa ofisini ni kwamba mirathi ya baba yake mwenyewe haikuwa imefunguliwa kwa miaka kumi na miwili. Nyumbani walihesabiwa watoto saba. Mama Orodha alijua ni wanane. Wa nane, fundi cherehani aliyezaliwa nje ya ndoa, anaishi na kushonea katika chumba cha uani cha nyumba ya marehemu, na ndugu walitaka aondoke ili nyumba iuzwe. Kuandika saba, Mama Orodha hakuweza. Kuandika wanane, dada yake mkubwa aliapa hatatia saini. Basi akanyamaza, nasi tukajifanya hatujui. Kwa kweli iliniuma kumsikia akiwahimiza wengine wasicheleweshe mirathi.

Mwaka huu, kustaafu kulipokaribia, alikwenda kwa dada yake na kumwambia kwamba wakifungua kwa majina saba, pingamizi la kwanza ataliweka yeye mwenyewe. Walinuniana wiki sita.

Machi alipanga foleni upande wa wateja, ndugu zake wote nyuma yake. Dirishani nilikuwa mimi. Nilitaka kuwapitisha haraka haraka, akanikata jicho. Nikawaita mmoja mmoja kwenye benchi. Dada mkubwa alikuwa wa mwisho, akataja saba, akafuta miwani yake kwa upindo wa kitambaa.

“Na huyo fundi ni mdogo wangu,” alisema. “Mwandike kwa jina la baba.”

Muda wa tangazo umekwisha bila pingamizi. Mama Orodha, asante kwa kutufundisha kazi. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana na miaka mingi ya raha. Fundi alikuja juzi kuomba nakala ya ukurasa wenye jina lake. Nilimtolea mbili.