Posa ya Awadhi kwa Mama wa Maabara

Mwezi wa saba, ukungu wa Newala huwa hauna haraka ya kuondoka, na wapulizaji wa salfa nao, wakishamaliza kuipulizia mikorosho ya watu dawa hiyo alfajiri, hawana haraka ya kwenda kwao. Huishia kwa Mama Joel, nyuma ya soko, kwenye benchi la kahawa ambalo kila anayelikalia anajua kila kitu. Wanakuja miguu ina umande, nywele zina unga wa njano, mdomo haujachoka. Asubuhi hiyo Awadhi, mmoja wao, alikuja na barua ya posa ndani ya mfuko wa nailoni isije ikalowa. Ilikuwa ya kumposa Zabibu, yule mama wa maabara pale kituo cha afya. Mshenga alikuwa aichukue baada ya adhuhuri. Kosa la Awadhi lilikuwa moja tu: aliwaonyesha wenzake.

— Maabara? — alishtuka Dastani, ambaye kijiweni ni Gazeti la Jana, kwa kuwa habari humfikia zikiwa zimeshafungia vitumbua. — Ndugu yangu, unaoa kaburi.

— Sijaoa bado.

— Afadhali. Watu wa maabara hawadumu, nimesoma mwenyewe. Kutwa damu, mikojo, makohozi. Vile vijidudu havina adabu, havipigi hodi.

— Wanavaa glavu.

— Glavu! Usione vyaelea, vimeundwa. Vinaelea hewani vile, kaka!

Awadhi hakuona methali ile imeingiaje hapo, ila yeye ilimwingia. Akasogeza kikombe.

— Siyo vijidudu, — alidakia Mujibu, fundi baiskeli, aitwaye Breki Mbovu kwa kuwa akianza kusema hasimami mpaka agonge kitu. — Ni hadubini. Unaweka jicho pale miaka kumi, linakunyonya uhai polepole. Nanganga palikuwa na jamaa wa maabara, mpaka anastaafu shingo imelala upande.

— Akafa?

— Akahamia Tandahimba.

— Si ndiyo yale yale! — alisema Gazeti la Jana.

— Halafu zile dawa zao za chupa nyeusi, — Mujibu aliendelea. — Ukinusa mara moja unasahau jina la mama mkwe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, ndiyo maana lile koti jeupe wanaliacha kazini.

— Wewe huvai koti, — alisema Mama Joel akimimina, — mbona hela ya kahawa unaisahau kila siku?

Benchi lilicheka mpaka likayumba. Mujibu hakujali, alikuwa kwenye mteremko.

— Sikilizeni. Damu ina mwenyewe. Akipima watu hamsini kwa siku, damu hamsini zinamzoea, na jioni zinamsindikiza nyumbani. Awadhi, hutalala na mke, utalala na kata nzima!

Awadhi alicheka, kwa kuwa ilichekesha. Kisha akaogopa. Alimpenda Zabibu tangu siku mama huyo alipomchoma kidole kupima malaria akamwambia, "Mwanaume mzima unafumba macho?" Alitoka pale anaumwa, lakini anatabasamu barabara nzima. Tatizo ni kwamba miaka mitatu iliyopita alimzika mama wa watoto wake, na mpaka leo kuna upande wa kitanda haulalii.

— Nimeshazika mke mmoja, — alisema taratibu. — Wa pili sitaweza.

Hapo hata Mujibu alinywa kahawa kwanza.

— Basi ichane, — alishauri Gazeti la Jana kwa huruma kabisa. — Haba na haba hujaza kibaba. Leo tone la damu, kesho jeneza.

Awadhi akaitoa barua, akaishika kwa vidole vinne. Ndipo mzee mmoja mwenye kofia ya kiua akatokea kwenye ukungu, akaomba kikombe.

— Shikamoo, mzee, — walisema wote.

— Marahaba, wanangu. Mimi Abdulatifu, nimetoka Chiwata. Nina mpwa wangu hapa, Zabibu wa maabara. Nasikia kuna mtu anataka kuleta posa, na kwetu mnajua, baba hupewa kiti, neno ni la mjomba. Nimekuja kumpeleleza. Anaitwa Awadhi.

Hakuna aliyethubutu kumtazama Awadhi. Barua ilirudi mfukoni yenyewe, ungedhani ina miguu.

— Mtu mwema sana huyo, — alisema Mama Joel haraka. — Hanywi, hapigani.

— Tabia zake tumeambiwa. Nina swali moja tu, tena si langu, ni la mwenyewe Zabibu. Yeye kazini anavaa glavu, amechanjwa homa ya ini, na kila mwaka wanampima. Marehemu mumewe alikuwa mpuliza salfa kama huyu bwana. Alikohoa misimu minne, tukamzika, wala hatukujua kilichomuua. Sasa anaogopa kuzika tena. Anauliza: huyu Awadhi akipuliza, usoni anavaa nini?

Mujibu alifungua mdomo, kikatoka kikohozi. Gazeti la Jana akawa anajipangusa unga wa njano shingoni, kwa siri.

Jibu Awadhi alikuwa nalo: kipande cha kanga, na siku akikisahau, basi. Aliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Asubuhi nzima ameketi hapa akihesabu siku za Zabibu, kumbe kuna mtu upande wa pili anahesabu za kwake. Halafu, katikati ya aibu hiyo, furaha ikamjaa kifuani. Kuna mtu duniani anaogopa kumzika!

Akasimama.

— Shikamoo, mjomba. Awadhi ni mimi. Usoni navaa kipande cha kanga tu. Lakini niko tayari kupimwa.

Mzee alimtazama kuanzia miguuni, akamaliza kahawa yake bila haraka.

— Marahaba. Zabibu alisema, ukisema hivyo, nikwambie hivi: kesho mpelekee makohozi ya asubuhi, kabla hujapiga mswaki. Barua itafuata.