Historia ya Marehemu Paulo Xue Tianyou, Aliyetaka Kulala Katika Udongo Mwekundu

Baba Padre, shemeji yangu Teresia, wanangu, majirani wa Hongyawa na ninyi mliotoka ng'ambo ya korongo, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Xue Tiande, mdogo wa marehemu, tumbo moja, na familia imenituma nisome ingawa shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo penye kosa ni pangu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika pango la pili la ua wetu, hapa hapa Hongyawa, mkoa wa Shaanxi, mtoto wa kwanza wa Mzee Yohane Xue na Mama Ana, akabatizwa siku ya Pasaka mwaka huo huo. Kila asubuhi alipofungua macho aliona ukuta wa korongo unaotazamana na mlango wetu, udongo wa manjano toka juu hadi chini, umepitiwa na mistari myekundu kama nyama ya nguruwe iliyoshikana na mafuta yake, na bibi yetu alimwambia kwamba kila mstari mwekundu ni gharika moja, Mungu alikasirika, akaleta maji, akatulia. Kaka akauliza, “Bibi, mbona Nuhu alikuwa mmoja?” akasukumiwa kiazi cha moto ili anyamaze.

Alisoma shule ya msingi ya kijiji kuanzia mwaka 1959 hadi 1964, akaacha baba alipougua, akajifunza kwa mjomba kazi ya kuchimba mapango ya kuishi, na wengi mlioketi hapa mlizaliwa ndani ya kazi ya mikono yake. Sheria ya kazi hiyo mnaijua, unatafuta mstari mwekundu, unashuka chini ya vile vijiwe vya chokaa vinavyofanana na tangawizi, hapo ndipo unapoanzia paa, na nyekundu yenyewe huigusi, maana ndiyo inayokushikia kilima.

Kaka aliigusa. Mwaka 1973, alipokuwa akijichimbia pango lake la kuolea, alipandisha sururu hadi ndani ya nyekundu kwa sababu moja tu, alitaka kujua ina nini, na tarehe 21 Septemba, baada ya mvua za wiki nzima, paa lilishuka likamvunja mguu wa kushoto. Aliyemfukua ni fundi mwenzake, Bo Manchang, ambaye yuko hapa na mikono bado ina udongo, naye alimtukana huku akilia, “Umetoboa paa la nyumba uone paa limetengenezwa na nini, fala wee!” Kaka akatema udongo, akamjibu, “Manchang, lina mizizi. Na vijia vya minyoo. Gharika gani hii yenye minyoo?”

Tarehe 6 Januari 1975 alifunga ndoa na Teresia Gao Cailian, aliyekubali mchumba kiguru kwa sharti moja, kwamba hatachimba tena katika nyekundu, na sharti hilo alilishika mpaka mwisho, wakajaliwa Lusia mwaka 1976 na Benedikto mwaka 1980. Kanisa, lililokuwa limefungwa na serikali miaka ile, lilipofunguliwa tena alifundisha katekisimu, akawafundisha watoto gharika za bibi, ingawa minyoo ile ilimsumbua moyoni.

Mwezi Mei 1988 alikuja mwalimu wa chuo kikuu kutoka Xi'an, mama Qiang Suyun, na wanafunzi wake, wakaukwangua ukuta wetu toka juu hadi chini, Kaka akawabebea ndoo bila kuitwa na kuwauliza maswali mpaka wakakosa nafasi ya kula. Mama yule alimweleza kwamba manjano ni vumbi lililoletwa na upepo wa kipupwe, enzi za baridi na ukame, na nyekundu ni enzi ambazo mvua zilirudi, vumbi likapungua, majani yakaota, udongo ukaiva. “Kwa hiyo nyekundu ni masika?” “Masika ya maelfu ya miaka, fundi.” Kaka alicheka mpaka akakaa chini, na Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akasema, “Watoto, niliwadanganya, si gharika, ni majani.” Mimi nakiri mbele yenu kwamba Nuhu bado naona ni rahisi zaidi, ila sijawahi kumwona mtu akifurahi hivyo kwa kukosea.

Tangu siku hiyo alisema makaburi yetu ya juu uwandani yote yamo katika manjano, yaani tunazikana katika kipupwe, na yeye akifa azikwe ndani ya nyekundu. Mwaka 2016 alianza kukohoa, hospitali ikamwonyesha picha ya mapafu yaliyojaa vumbi, akauliza, “Dokta, na mimi nina mistari?” Aliaga dunia tarehe 9 Novemba 2019, saa nne asubuhi, kitandani kwake, shemeji akimlisha uji wa uwele.

Hapo ndipo tuliposhindwana. Manchang aligoma, akasema, “Nyekundu ni paa, si kitanda. Ilikwishamla mguu, sasa anaipelekea mbavu?” Shemeji akasema sharti ni sharti. Lusia akamjibu, “Mama, yeye hachimbi, anachimbiwa.” Siku nzima jeneza likawa halina pa kwenda, na mimi mkubwa wa ukoo sasa nilisali tu.

Jana asubuhi Manchang alishuka korongoni na sururu, kando ya pango lile lililoanguka, akaanza chini ya vijiwe vya tangawizi kama anavyomchimbia bwana harusi, paa la mviringo, kuta zimenyooka, na mstari mwekundu umepita mzima juu ya mlango. “Atalala chini yake,” alisema, “kama watu walio hai.” Shemeji alitazama, akatikisa kichwa kukubali, akaenda kukoroga uji wa wachimbaji.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, mwalimu Qiang aliyetuma shada la maua licha ya uzee wake, mafundi wote, na wewe Manchang.

Kaka, ubavuni kwako ni kipupwe, lakini juu yako masika yametandazwa, na mizizi yake imeshika. Lala salama chini ya paa, mpaka Mwenyewe aje kulifungua.