Vishikwambi vya Darasa la Jirani

Kwenye kiti cha mbele yangu basini walikaa walimu wawili. Mmoja alikuwa na vumbi la chaki mpaka kwenye kiwiko, mwenzake amekumbatia mfuko uliojaa chaja.

"Dada, mimi sikuonei wivu," alianza wa chaki, nami nikajua wivu umeshapanda basi. "Ila wewe umepewa vishikwambi thelathini, mimi nikapewa boksi la chaki. Jana nimewauliza wanangu wanategemea kupata ngapi kwenye mtihani. Wakanijibu, 'Mwalimu, sisi hatuna vishikwambi, tutapata ngapi?' Mtihani ni mwezi ujao, wao wameshafeli!"

"Wangu wote wanasema watapata mia," alijibu wa chaja. "Daftari hawafungui. Wanadhani kishikwambi ndicho kitakachofanya mtihani."

"Afadhali hao wana matumaini."

Wa chaja akashusha pumzi. "Leo umeme ulipokatika, vishikwambi vikaishiwa chaji vikazima, darasa langu likazubaa kama abiria walioharibikiwa na gari. Upande wa pili wa ukuta tukawasikia wako wanabishania hesabu, wewe unawagombeza huku unacheka. Roho iliniuma, sikufichi. Halafu wanafunzi saba wakaniomba wahamie kwako."

Wa chaki akajipangusa kiwiko taratibu, kama anayefuta kikombe cha ushindi. Basi likasimama kituoni kwao. Akainuka.

"Waje," alisema. "Ila waje na vishikwambi vyao."