Sehemu Ambayo Mzee Tofazzal Hakuionyesha

Na Gaudensia Rwegoshora, kwa niaba ya wafanyakazi wa Karakana ya Filamu, Peckham

Baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi, Mzee Tofazzal Mridha anastaafu rasmi leo, Ijumaa tarehe 27 Juni 2025. Kipeperushi cha hafla hii kina ukurasa wa Kiingereza ulioandikwa na Mkurugenzi, na ukurasa wa Kibangla ulioandikwa na mshairi mmoja rafiki wa Mzee. Huo wa Kibangla sijui unasema nini, ila naona ni mrefu kuliko wangu. Ukurasa wa Kiswahili nimepewa mimi, kwa sababu nusu ya watu waliojifunza kushika kamera katika jengo hili walijifunza wakigombezwa kwa Kiswahili cha Mzee Tofazzal. Akisalimia ni Mzanzibari, akikasirika ni Mkongo, na akitaka chai ni Mkenya. Hakuna aliyemfundisha kwa mpangilio. Alikiokota kidogo kidogo kutoka kwetu, kama mtu anayeokota mchicha kwenye shamba la jirani huku jirani anamwangalia na kucheka.

Mzee Tofazzal alizaliwa Barishal, kusini mwa Bangladesh, nchi ya mito mingi na mvua nyingi zaidi. Baba yake alikuwa karani wa posta, mama yake mwalimu wa shule ya msingi. Alisomea filamu Dhaka, na filamu yake ya kwanza ilihusu wanawake wa kiwanda cha magunia. Ilionyeshwa mara moja tu, katika ukumbi wa shule. Umeme ulikatika katikati, na watu wakakaa gizani wakisubiri mpaka ukarudi. Mpaka leo ukimuuliza kuhusu mafanikio yake makubwa, atakutajia usiku huo ambao hakuna mtu aliyeondoka.

Alifika London mwaka 1989, na kama wengi wetu hakuanza na kazi aliyoisomea. Alimenya vitunguu Kilburn, katika mgahawa ulioandikwa mlangoni kwamba ni wa Kihindi wakati jikoni hakukuwa na Mhindi hata mmoja, wote walikuwa watu wa kwao. Kutokana na jiko hilo akaandika kitabu chake cha kwanza, hadithi fupi kwa Kibangla, na kikasifiwa sana huko Dhaka. Hapa Kilburn hakikusifiwa. Wapishi walijiona wote mle ndani, na tabia zao, na madeni yao ya mapenzi. Wawili walikaa mwaka mzima hawamsemeshi, na walikuwa wanafanya kazi naye kwenye jiko moja! Mzee husema alijifunza hapo jambo ambalo chuo hakikumfundisha: mtu uliyemchota na kumtia kwenye kazi yako ana haki ya kuiona kabla ya wageni.

Ndiyo maana alipoajiriwa hapa Karakana mwaka 1998, wakati tulikuwa na vyumba viwili tu juu ya saluni na picha zetu zote zikinuka dawa ya nywele, alikuja na sharti moja. Hakuna filamu itakayotoka nje kabla ya siku ya kuonja. Jina hilo tuliipa sisi. Watu wote wanaoonekana kwenye filamu wanaalikwa na familia zao, wanapikiwa, wanakaa, wanaionja filamu kabla haijapakuliwa kwa wengine. Na yeyote akisema nitoe, anatolewa, wala haulizwi sababu.

Siku za kuonja zimetupa vicheko vingi. Kuna baba mmoja aliomba kutolewa kwa sababu ya shati alilovaa. Akatolewa. Bwana Avtar, mwenye duka la vyakula ambaye alizaliwa Nairobi na anajua Kiswahili kuliko watoto wetu wote, yeye aliomba aongezwe. Hilo lilikataliwa, na bado analikumbushia kila tukienda kununua unga.

Lakini siku ninayotaka kuiandika hapa ni ya mwaka 2009.

Mwaka huo Mzee Tofazzal alikuwa amemaliza filamu aliyoitengeneza kwa miaka mitatu, kuhusu akina mama wanaotunza wazee wa watu wengine hapa London Kusini. Wanaowaogesha, wanaowalisha, wanaowapandisha ngazi. Mimi nilikuwa mfasiri wake, nikitoa maneno ya Kiswahili na kuyaweka kwa Kiingereza ili yaandikwe chini ya picha. Kwa hiyo naijua filamu ile sekunde kwa sekunde, na nasema bila kuogopa kwamba ndiyo kazi bora aliyowahi kuifanya. Kituo kimoja cha televisheni kiliahidi kuionyesha nchi nzima. Walivutiwa hasa na sehemu ya mama mmoja Mkongo, Noëlla, ambaye ameketi jikoni kwake akizungumza kwa Kiswahili kuhusu mtoto wake wa kwanza, Aristide, aliyemwacha Bukavu kwa dada yake akiwa na miaka minne, wakati wa vita. Anayoyasema pale mimi ninayajua kwa sababu niliyatafsiri. Hamtayapata kwangu.

Siku ya kuonja ilifanyika katika ukumbi wa kanisa, hapa hapa Peckham. Noëlla alikuja amependeza, na binti yake Miradie, mtoto wa miaka tisa aliyezaliwa London. Miradie hakujua kwamba ana kaka. Noëlla hakuwa na wasiwasi, kwa sababu filamu ilikuwa bado haijatiwa maandishi ya Kiingereza, na Miradie alikuwa hajui Kiswahili. Ndivyo mama yake alivyoamini. Sisi tunaolea watoto hapa tunalijua kosa hili vizuri. Mtoto anajibu kwa Kiingereza miaka nenda miaka rudi, nawe unajiachia, unasema mambo yote ya watu wazima mbele yake kana kwamba ni kabati.

Filamu ikaanza. Noëlla akaonekana akisimulia habari za bibi mmoja anayemtunza, ambaye huficha biskuti kwenye mkoba na kumsingizia paka, na paka mwenyewe alikufa zamani. Ukumbi ukacheka. Miradie naye akacheka, kisha akamgeukia rafiki yake aliyekaa kando na kumweleza kwa Kiingereza hadithi yote, tangu biskuti mpaka paka, bila kuacha kitu.

Nilikuwa nimekaa nyuma yao. Nilimwona Noëlla akimtazama mwanawe, na nikajua anachohesabu kichwani, maana baada ya paka inafuata habari ya Aristide.

Alisimama. Akatembea mpaka mbele, akaingia kwenye mwanga wa projekta, uso wake mwenyewe ukamwangukia kwenye gauni. Akasema, "Papa Tofa, zima ile mashini. Tafazali, zima."

Mzee Tofazzal hakutafuta kitufe. Alichomoa waya ukutani. Kisha akatangaza, kwa Kiswahili chake cha nchi tatu, kwamba chakula kiko tayari na samaki ana miiba, watoto waangaliwe. Watu wakanyanyuka kula. Hakumfuata Noëlla, hakumuuliza, hakumtazama hata kwa jicho la kuuliza. Kesho yake asubuhi sehemu ile ilikuwa imeshaondolewa.

Televisheni nao wakajiondoa. Walisema bila sehemu ile ya Noëlla filamu imebaki ya kawaida, na kwa kweli hawakusema uongo. Wakubwa wetu wa wakati ule walimnunia Mzee, kwa sababu nafasi kama ile haikuwa imewahi kutupitia karibu na haijatupitia tena. Walimwomba amshawishi yule mama, afiche uso wake, abadilishe jina. Akajibu kwamba aliyesema nitoe ameshatolewa. Filamu ikaonyeshwa kwenye kumbi ndogo ndogo, ikapata cheti kimoja ambacho kimetundikwa pale mlangoni, karibu na ndoo ya kupigia deki. Mimi iliniuma sana wakati ule, na naandika hivyo kwa sababu yeye hakuwahi kulalamika, na mtu akikaa kimya watu hudhani hakupoteza kitu.

Aliendelea na kazi. Aliandika riwaya yake kuhusu mama yake, na kitabu kidogo cha kuwafundisha watu wasio na fedha jinsi ya kutengeneza filamu, ambacho kwa Kiswahili nilikifasiri mimi na yeye akakikagua kana kwamba anakijua Kiswahili. Wanafunzi wake wengi leo wanaishi kwa kamera. Wale waliokuwa na kesi za ukimbizi aliwasindikiza Croydon, akawasubiri nje ya lile jengo kubwa la uhamiaji kwenye baridi, akiwa ameshika mwavuli juu ya kamera badala ya juu ya kichwa chake. Mwaka mmoja alilazwa hospitali kwa kichomi kwa sababu ya tabia hiyo. Kamera ilikuwa nzima kabisa.

Noëlla naye alimwambia Miradie habari za kaka yake, kwa wakati wake, nyumbani, binti alipotimiza miaka kumi na minane. Walilia wote wawili, ndivyo alivyonisimulia, kisha wakapika. Na Februari mwaka huu aliposikia Mzee Tofazzal anastaafu, alipanda ngazi zetu akiwa na furaha tele. Alikuja kutoa zawadi. Alisema sehemu yake irudishwe, filamu ionyeshwe nzima siku ya kumuaga, watu wamjue Papa Tofa ni nani.

Ofisi nzima tulishangilia. Mzee hakushangilia. Alikoroga chai yake, akauliza, "Na Aristide, yeye ameulizwa?"

Noëlla alijibu kwamba Aristide ni mtoto wake. Mzee akasema kwa upole kwamba mtoto huyo ana miaka thelathini na jina lake limo mle ndani. Hakuwa ameonja.

Nataka mwelewe uzito wa jambo hilo kwa mama yule. Aristide alijua kwamba ana mama Ulaya. Alimjua kwa simu na kwa hela zinazotumwa. Lakini hakuwahi kuambiwa kwa nini aliachwa yeye, na Noëlla hakuwahi kuwa na kinywa cha kumweleza. Maelezo yote alikuwa ameyamaliza mbele ya kamera, kabla nywele hazijaanza mvi. Kumtumia ile sehemu ilikuwa ni kumwekea mwanawe mkononi ruhusa ya kumsamehe au kukata simu moja kwa moja. Alikaa wiki mbili hajaamua. Alikuwa akija hapa anakaa kwenye kiti cha mapokezi, anakunywa chai, anaondoka. Kisha siku moja akasema, "Mutumie."

Tukaituma. Zikapita siku, Bukavu kimya. Noëlla aliacha kula vizuri, na Mzee Tofazzal, ambaye miaka yote nimemwona hatikisiki, alianza kuangalia simu yake kila baada ya muda kama kijana aliyeposa.

Jibu lilikuja kwa sauti, kwenye simu ya Noëlla, na Noëlla alitaka tulisikie pamoja: yeye, Miradie, Mzee na mimi. Mengi yaliyosemwa ni yao. Wote wawili, mama na mwana, wameusoma ukurasa huu kabla haujapigwa chapa, wakafuta walichotaka kufuta, na wameniruhusu kuweka maneno haya tu: "Mama, iyi ni yangu. Musiionyeshe batu."

Nawaeleza kitu kimoja, kwa ruhusa yao pia. Miaka yote ile kwenye simu, Aristide alikuwa akimwita kwa jina lake, Noëlla, kama watu wengine. Mama alikuwa ni yule aliyemlea.

Noëlla alirudia kuisikiliza sauti ile mpaka chaji ikaisha. Mzee Tofazzal alifuta nakala zetu zote za sehemu ile, moja baada ya nyingine, kazi ya mwisho aliyoifanya kwenye kompyuta ya Karakana, halafu akaenda kuosha vikombe. Nilimfuata jikoni nikamuuliza kama haimuumi. Alisema sehemu ile ilikuwa inahitaji mtazamaji mmoja, na sasa ameshaiona.

Mzee wetu, tunakushukuru. Kwa kila uliyemfundisha, kwa kila uliyemsubiri nje kwenye baridi, na kwa waya ule uliouchomoa. Nenda Barishal ukale samaki wako wenye miiba, urudi Kilburn kwa wajukuu mvua ikikuchosha. Afya iwe yako, kalamu isikauke, na kila utakapoingia usikose mtu wa kukukaribisha chai.

Wageni wetu, filamu ya akina mama inaonyeshwa leo baada ya chakula. Katikati, mara tu kicheko cha paka kitakapokwisha, mtaona skrini inakuwa nyeusi kwa muda kabla ya kuendelea. Tafadhali msimwite fundi. Mashine ni nzima. Kaeni tu hapo gizani, msubiri.