Asubuhi ya Unga: Kumuaga Bwana Yunusi Mchopa

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 1959, Bwana Yunusi Mchopa, karani mkuu wa ofisi yetu ya barabara na visima hapa Nachingwea, atafunga meza yake kwa mara ya mwisho baada ya utumishi wa miaka ishirini na tisa. Wanaomjua wanajua kwamba ataifunga, atafika mlangoni, kisha atarudi kuhakikisha kama kweli imefungwa. Ndivyo alivyo. Sijapata kumwona mtu mwoga kuliko yeye, naye hajapata kukana. Ukimcheka atakukumbusha kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, halafu ataendelea na kazi yake.

Sherehe ya kumuaga itakuwa Jumamosi tarehe 27. Ameomba jambo moja tu, kwamba asipewe mkono mbele ya watu. Tangu mwaka jana mkono wake wa kulia umeanza kutetemeka, na yeye anaona haya. Ombi hilo nitalirudia mwishoni, maana sikubaliani nalo.

Bwana Yunusi alizaliwa Kiegei. Alianza kazi Lindi mwaka 1930 akiwa tarishi, akajifunza taipu kwa kuwatazama wengine, akapanda mpaka ukarani. Mwaka 1948, matrekta ya mpango wa Serikali wa kulima karanga yalipokuwa yakifyeka msitu wa Nachingwea na mji ukizuka mahali palipokuwa pori, aliletwa huku. Alikuja na mkewe Bibi Kulthumu, kitanda, na fimbo ya nyoka ambayo hadi leo imeegemea nyuma ya kiti chake. Kila asubuhi huipitisha chini ya meza kabla hajaketi. Nyoka hajaonekana hata mmoja, na yeye husema hiyo ndiyo kazi ya fimbo.

Katika ofisi ya siku zile mkubwa wetu Mzungu alikuwa na chumba chake, na sisi wengine tulibanana katika kimoja. Meza ya Bwana Yunusi ilitazamana na ya Bwana Ratilal, mpimaji, Mhindi mwembamba mwenye miwani aliyekuwa hali nyama wala yai, na ambaye sisimizi akitambaa juu ya ramani yake alimpandisha kwenye karatasi na kumtoa nje ya dirisha. Uani alikuwapo Bwana Gurdit Singh, fundi wa magari, Kalasinga mwenye kilemba na kicheko kikubwa. Chai tulikunywa wakati mmoja, lakini kila mtu na kikombe chake, na kikombe cha shaba cha Bwana Ratilal hakikuguswa na mtu mwingine. Adhuhuri tulitawanyika, wao mtaa wa maduka, sisi kwenye nyumba za mstari. Vyoo vilikuwa mbali mbali na mishahara mbali mbali. Bwana Yunusi na Bwana Ratilal walichovya kalamu katika kidau kimoja cha wino kwa miaka minne, wakaulizana hali kila asubuhi, na hakuna aliyemwuliza mwenzake jambo lolote la nyumbani kwake.

Februari 1953 tulipelekwa Matambarale, kule Ruangwa, kupima barabara ya kupitisha magari ya mazao. Bwana Ratilal alikuwa mpimaji, Bwana Gurdit Singh alikuja na lori, Bwana Yunusi alikuwa karani wa kambi, na mimi, Severini, msaidizi wake. Vibarua wengi walikuwa wenyeji wa pale pale. Mvua ilikuwa nyingi na majani yalimpita mtu kimo. Hatukukaa sana tukamsikia simba. Kisha Mwantumu, binti wa Bi. Sikuzani wa kijiji kile, alikwenda kisimani jioni, na waliomfuata wakakuta ndoo na kipande cha kanga. Halikupita juma akachukuliwa kibarua wetu Selestini, karibu kabisa na moto wa kambi.

Sijui niwaelezeje hofu ile vijana mnaosoma haya chini ya taa ya umeme. Mtu alikwenda haja akisindikizwa na wenzake wenye mienge. Tulilala ndani ya lori tumepangana kama magunia, na Bwana Yunusi alilala katikati. Kila tulipomwomba naye asogee pembeni, alikumbuka kwamba ana baridi. Simba akinguruma mbali, tulishukuru. Akinyamaza, hakuna aliyefumba jicho, kwa sababu hatukujua yuko wapi.

Katika hali hiyo watu wakauona unga. Kila alfajiri Bwana Ratilal alichota hemani mwake konzi ya unga uliochanganywa na sukari, akaenda kwenye kichuguu kilichokuwa ng'ambo ya barabara, akainama, akaudondosha kidogo kidogo huku akinong'ona. Kumbe hata Nachingwea alikuwa akifanya hivyo nyuma ya nyumba yake, ila nani kati yetu aliwahi kufika nyuma ya nyumba yake? Huku kwetu unga haumwagwi ovyo. Anayeuweka chini alfajiri na kunong'ona anasema na wazee wake waliotangulia. Huyu, asiye na kaburi hata moja katika ardhi ile, alikuwa anasema na nani? Tena kila mtu pale alijua kwamba kuna simba wa porini na kuna simba wa kutumwa na wachawi. Vibarua wakaunganisha wenyewe. Mhindi amekuja na unga wake, simba ameanza kula watu. Na mtu asiyekula nyama, wakasema, nyama yake anampa nani?

Siku moja vibarua hawakuja kazini. Walikuja mchana, pamoja na wanakijiji, wakiwa na mapanga na pinde, na mbele yao Mikidadi, kaka yake marehemu Mwantumu. Hawakupiga kelele. Walisimama tu wakilitazama hema la Bwana Ratilal.

"Bwana karani," Mikidadi alisema, "tumemfuata mwenye simba. Ninyi wengine hatuna neno nanyi."

Pa kukimbilia hapakuwapo. Bwana Gurdit Singh alikuwa ameifungua giaboksi ya lori na vyuma vyake vimetandazwa juu ya turubai. Bunduki ilikuwa moja, nayo ilikuwa Nachingwea kwa mkubwa wetu. Bwana Yunusi aliwaomba wamsubiri kidogo, akaingia hemani, nami nikamfuata.

Ninaandika hili kwa ruhusa yake. Yeye mwenyewe hakuwa na hakika. Ni Mmwera wa Kiegei, habari za simba wa kutumwa alizinyonya na maziwa, na miaka minne ya kutazamana na mtu yule haikumpa neno hata moja la kuapia kwamba si mchawi. Jasho lilikuwa likimtiririka. Alimwuliza, kwa mara ya kwanza, "Bwana Ratilal, ule unga unampa nani?"

Bwana Ratilal alivua miwani. Nadhani alishangaa zaidi kuulizwa kuliko kuona mapanga. "Mimi napa sisimizi, Yunusi bhai. Ile dudu dogo, nani nakumbuka yeye? Mama yangu nafundisha mimi hivyo, toka mtoto."

 Jibu lile mtu mwema angelisema, na mchawi pia angelisema. Bwana Yunusi alitoka, akasimama mbele ya watu wale, akasema nao kwa Kimwera, sauti ikimkatika. Aliwaambia kwamba kesho alfajiri Mhindi atamwaga unga wake kama kawaida, na yeye Yunusi atakwenda naye mikono mitupu, na wao wote wasimame barabarani watazame. Simba akiwa wa Mhindi, atamla Yunusi mbele ya macho yao, nao watajua la kufanya. Asipokuwa wake, wamwache. Mikidadi alitikisa kichwa kukataa. Aliyekubali ni mama yake, Bi. Sikuzani, aliyekuwa amesimama nyuma na kanga ya msiba kichwani.

"Mwacheni," alisema. "Nami nataka kuona."

Usiku ule Bwana Yunusi alikubali kulala pembeni, na hilo lilitutisha kuliko yote. Kulipopambazuka alinipa saa yake ya mkononi nimpelekee Bibi Kulthumu, nami nikaitia mfukoni. Kisha waliondoka, yeye na Bwana Ratilal, wakaingia majanini yenye umande. Sisi tulibaki barabarani, watu na mapanga yao, mimi jirani na Bi. Sikuzani. Bwana Ratilal alikuwa na unga katika kiganja cha kulia. Walifika kwenye kichuguu, akainama.

Majani yalicheza upande wa kushoto, na upepo haukuwapo. Akatoka simba jike, amekonda, mbavu zinahesabika, akasimama akiwatazama. Hakuna aliyepumua pale barabarani. Na watu hawakumtazama simba. Walimtazama Mhindi, wakingoja amwite.

Bwana Yunusi husema kwamba dakika ile aliamini. Alijiambia, ni kweli, amemwita naye amekuja, na mimi nimejileta mwenyewe. Alitaka kusoma shahada na ulimi haukunyanyuka. Hapo akahisi mkono umemshika mkono. Ulikuwa wa Bwana Ratilal, umelowa jasho, na ulikuwa ukitetemeka kiasi cha kumtikisa na yeye mpaka begani. Kiganja kingine nacho kilitetemeka, na unga wote ukawa unamwagikia viatu vyake mwenyewe na suruali, mpaka magotini akawa mweupe. Midomo ilicheza bila sauti. Bwana Yunusi akajua. Mwenye mbwa hamwogopi mbwa wake.

Naye Bi. Sikuzani alikuwa ameona. Alisema taratibu, kama anayejisemea, "Huyo naye anaogopa." Kisha akasema, "Anaogopa kama alivyoogopa mwanangu." Akampokonya kibarua mmoja debe, akaanza kulipiga kwa kigongo huku akienda mbele. Mikidadi akamfuata mama yake, na wote wakafuata, wakipiga mayowe na mapanga juu. Bwana Gurdit Singh alikuwa akigonga boneti ya lori kwa spana, mlio wa kutisha kuliko yote. Waliokuja kumwua Bwana Ratilal waliingia majanini kumtoa. Simba akageuka, akaondoka.

Simba yule aliuawa na askari wa wanyamapori upande wa Likunja baada ya majuma kadhaa, mzee, meno yamevunjika, hawezi tena kukimbiza swala. Siku tulipovunja kambi Bi. Sikuzani alileta ungo wenye unga wa mtama, akampa Bwana Ratilal. "Wape na wa kwangu," alimwambia. Bwana Ratilal aliupokea kwa mikono miwili, akalia mbele ya vibarua wake. Mama yule hakurudishiwa binti yake na mtu, na barabara tuliyoipima inapita karibu na kisima kile hadi leo.

Kuanzia hapo Bwana Yunusi alianzisha desturi mnayoijua na kuilalamikia. Mgeni akiripoti kazini, awe Mmakonde, Mgoa au Mngoni, siku ya kwanza huketishwa mbele ya meza ile na kuulizwa: kwenu mnakula nini, mnazika vipi, mnaogopa nini. Wengine waliona ni udaku. Aliniambia kwamba alimwogopa simba asubuhi moja, lakini ile miaka minne ya kutokuuliza anaiogopa mpaka leo, kwa sababu ilibaki kidogo imwue mtu. Visima alivyovisimamia ni vingi na makarani aliowafundisha tumejaa jimbo zima, ila mimi namheshimu kwa maswali yale.

Bwana Ratilal alihamishiwa Lindi mwaka 1956. Ameandika kwamba atakuja Jumamosi, na Bwana Gurdit Singh amekwenda kumchukua kwa lori lile lile, akiapa kwamba giaboksi ni nzima.

Bwana Yunusi, ahsante kwa miaka ishirini na tisa. Uende Kiegei salama wewe na Bibi Kulthumu, mikorosho yako izae, na fimbo yako isikutane na nyoka. Lile ombi lako tumelikataa sote. Jumamosi utaupokea mkono wa Bwana Ratilal mbele ya watu, na wako ukitetemeka usiufiche, maana yeye anajua mkono unaotetemeka ni wa mtu gani.